Tope Lisilotupwa: Historia ya Viumbe Wadogo Wanaosafisha Maji ya Viwanda vya Nguo

Wino wa mto Calder

Katika miaka ya 1860, mkazi mmoja wa Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, aliiandikia waraka tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza uchafu wa mito. Wino hakutumia. Alichota maji ya mto Calder pale mfereji wa majitaka ya mji ulipomwagia, akachovya kalamu, akaandika, na maneno yakasomeka. Ndani ya waraka huo alisikitika kwamba karatasi haiwezi kubeba harufu, maana harufu nayo ingeuongezea waraka mvuto. Tume iliuchapisha waraka ule katika ripoti yake, kwa mwandiko wake uleule, ili kila msomaji aone kwa macho yake mto uliogeuka wino.

Calder ulipita katika nchi ya sufu. Kando yake na kando ya vijito vyake palijaa viwanda vya kusokota, kufuma na kutia rangi. Kazi ya nguo haifanyiki bila maji. Chukua mfano wa pamba: uzi wake hupakwa wanga ili usikatike kwenye kitanda cha mfumi, na nguo ikishafumwa, wanga ule huoshwa. Kisha nguo huchemshwa kwa kostiki soda kuondoa mafuta na nta ya pamba, hupaushwa iwe nyeupe, hutiwa rangi, halafu husuuzwa tena na tena mpaka maji yatoke yakiwa hayana rangi. Kila hatua huacha kitu majini, na vitu hivyo ni chakula na sumu vilivyochanganyika. Wanga, nta na sabuni ni chakula cha bakteria. Kostiki, chumvi na rangi huwadhuru au huwashinda.

Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu ambao, kwa zaidi ya miaka mia moja, wamejaribu kuwasaidia bakteria kula chakula kile bila kushindwa na sumu ile. Kila hatua kubwa waliyopiga ilikuwa namna mpya ya kufanya jambo moja: kulitunza tope ambalo watu wote walidhani ni la kutupwa.

Kwinini iliyozaa rangi

Manchester ndio uliokuwa mji mkuu wa pamba duniani. Friedrich Engels, aliyeishi humo na kuchapisha kitabu chake juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1845, aliuelezea mto Irk kuwa mweusi kama makaa, umejaa takataka, na kingoni kuna madimbwi ya tope la kijani yanayotoa mapovu ya gesi. Mapovu yale yalikuwa dalili kwamba bakteria wamo kazini chini ya maji. Walikuwa wakifanya kazi bila hewa, kwa sababu hewa yote ya mto ilikuwa imekwisha. Itafaa tuyakumbuke mapovu hayo, kwa kuwa tutakutana nayo tena mbele.

Wakati huo rangi za nguo zilitoka kwa mimea na wadudu. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, akiwa likizoni nyumbani kwao London, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata zambarau iliyong'ara na kushika hariri, na mwaka uliofuata alianza kujenga kiwanda cha rangi. Mwaka 1858 mkemia Mjerumani, Peter Griess, aligundua kemikali zilizofungua njia ya rangi za azo. Ndani ya kila rangi ya kundi hili, atomi mbili za naitrojeni zimeshikana, na mshikano huo ndio unaoifanya nguo ionekane nyekundu, ya machungwa au nyeusi.

Katika miaka ya 1880 Paul Böttiger, naye Mjerumani, alitengeneza rangi nyekundu ya azo iliyoshika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kukazia. Kampuni ya AGFA ya Berlin iliiuza kwa jina la Congo. Majira yaleyale mataifa ya Ulaya yalikuwa yakikutana Berlin kujadili hatima ya bonde la mto Congo, na jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu. Wenyeji wa bonde hilo hawakuulizwa juu ya nchi yao wala juu ya jina lao, na rangi hiyo inaitwa hivyo hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Rangi za azo zikawa kundi kubwa kuliko yote ya rangi za viwandani. Wakemia walizitengeneza zisichujuke kwa jua, kwa jasho wala kwa sabuni. Mteja alifurahi. Lakini rangi inayolishinda jua juu ya nguo hulishinda pia mtoni, na bakteria ambao kwa mamilioni ya miaka walikuwa wamezoea kuozesha majani na mizoga ya wanyama hawakuwa wamewahi kukutana na kitu kama hicho.

Sheria ilikuja kwa kusuasua. Mwaka 1876 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito, lakini kumshtaki mwenye kiwanda kulihitaji kibali kutoka serikali kuu, na aliyeweza kuonyesha kwamba ametumia njia zilizo ndani ya uwezo wake alikuwa na kinga. Mwaka 1891 iliundwa kamati ya pamoja ya kusimamia mito ya Mersey na Irwell. Mwaka 1894 ulifunguliwa mfereji mkubwa wa meli kutoka baharini hadi Manchester, na mwaka huohuo mji ukaanza kupeleka majitaka yake kwenye mitambo mipya ya Davyhulme, upande wa magharibi. Huko ndiko historia hii ilikopata njia yake.

Chupa za Davyhulme

Wazo lenyewe lilivuka bahari. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kando ya mto Merrimack, kulikuwa na miji iliyojengwa kwa ajili ya pamba. Babu zetu wa pwani waliijua nguo ya Massachusetts kabla ya kulijua jina la jimbo lenyewe: ndiyo merikani, ile nguo nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na merikebu za Salem tangu enzi za Sayyid Said, ikabebwa na misafara hadi ng'ambo ya ziwa Tanganyika na kutumika kama fedha. Mji wa Lawrence ulikuwa mmoja wa miji hiyo ya mto Merrimack. Wakazi wake walikunywa maji yaliyokwisha kupita Lowell, mji mwingine wa viwanda vya nguo, na homa ya matumbo ikawaua wengi.

Mwaka 1887 bodi ya afya ya jimbo ilianzisha kituo cha majaribio hapo Lawrence. Watafiti wake walimwaga majitaka polepole juu ya mchanga na changarawe, wakathibitisha kwamba kinachosafisha si mchanga. Ni viumbe hai wanaojenga makazi yao juu ya chembe za mchanga na kula uchafu unapopita. Kazi ya mchanga ilikuwa kuwapa viumbe hao mahali pa kukaa.

Novemba 1912, Gilbert Fowler, mkemia aliyehusika na majitaka ya Manchester, alitembelea Lawrence. Aliona majitaka yakipulizwa hewa ndani ya vyombo, na viumbe vikiota humo na kuyasafisha. Aliporudi, aliwaeleza Edward Ardern na William Lockett, waliokuwa wakifanya kazi Davyhulme, akawataka wajaribu.

Vijana hao walijaza chupa kubwa za kioo kwa majitaka ya Manchester, wakazifunika kwa karatasi za kaki ili mwanga usioteshe mwani, wakapitisha hewa ndani mchana na usiku. Ilichukua kama wiki tano mpaka amonia yote ikageuka naitreti na maji yakawa safi. Wiki tano ni muda ambao hakuna mji unaoweza kusubiri. Mpaka hapo hapakuwa na jipya: wengi kabla yao walikwisha kupuliza hewa ndani ya majitaka, wakaona yanachelewa, wakaacha.

Ardern na Lockett walifanya jambo moja ambalo wenzao hawakulifanya. Walizima hewa, wakaacha tope la kahawia lizame chini ya chupa, wakamimina maji masafi yaliyobaki juu, na tope wakaliacha mlemle. Wakajaza majitaka mapya juu ya tope la zamani, wakapuliza hewa tena. Safari hii muda ulipungua. Wakarudia, na kila walivyorudia tope liliongezeka na muda ukazidi kufupika. Mwishowe kazi iliyochukua wiki tano ilikamilika ndani ya saa 24.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bakteria wa majitaka walikuwa wageni wa kupita. Kila chupa ilipomwagwa, walimwagwa nao, na waliofuata walianza upya kuzaana na kujifunza kazi. Ardern na Lockett waliwabakiza wageni mpaka wakawa wenyeji, kisha wakawapa jembe. Tarehe 3 Aprili 1914, mbele ya chama cha wakemia wa viwanda mjini Manchester, walisoma ripoti yao na kuliita tope hilo tope lililoamshwa. Leo kwa Kiswahili tunaweza kuliita tope amilifu, na sehemu kubwa ya majitaka ya miji ya dunia yanayosafishwa husafishwa kwa njia hiyo.

Fowler hakubaki Manchester. Mwaka 1916 alikwenda India kufundisha katika taasisi ya sayansi ya Bangalore, akawa miongoni mwa waliouanzisha huko ujuzi wa kusafisha maji kwa viumbe hai. India Kusini, nchi ya pamba na rangi, ingekuja kuuhitaji ujuzi huo kuliko alivyoweza kujua.

Njaa ndani ya tangi

Tope amilifu lilizaliwa katika majitaka ya mji, ambamo mna kila kitu bakteria wanachohitaji. Wenye viwanda vya nguo walipojenga matangi yao wenyewe, waligundua kwamba maji yao ni chakula cha upande mmoja. Wanga umejaa, lakini naitrojeni na fosforasi mara nyingi ni haba. Ni sawa na kumlisha mtoto ugali mtupu kila siku: anashiba, lakini hakui. Ndiyo maana mpaka leo fundi wa kiwanda cha nguo mara nyingi huonekana akimwaga mbolea ya urea na fosfeti ndani ya tangi la maji machafu.

Njaa hiyo ilileta ugonjwa mwingine. Katika tangi lenye wanga mwingi na lishe pungufu, bakteria wenye umbo la nyuzi huwashinda wenzao wanaojikusanya katika madonge. Nyuzi hizo husukana kama pamba iliyochambuliwa, tope linavimba, linakataa kuzama, na mwisho linaondoka pamoja na maji. Utajiri wote wa Davyhulme hupotea kwa namna hiyo, kwa kuwa tope lisilozama haliwezi kutunzwa.

Mwaka 1973, mjini Prague, J. Chudoba na wenzake walionyesha tiba ambayo msingi wake ni tabia ya kula. Walitenga chumba kidogo mwanzoni mwa tangi, ambamo tope linalorudi hukutana na maji mapya yenye chakula tele kwa muda mfupi. Bakteria wa madonge hula haraka pakiwa na shibe. Wale wa nyuzi hula polepole, na hustawi tu pale chakula kinapokuwa kidogo siku zote. Ukiwapa wote karamu fupi kisha kazi ndefu, wa madonge huwa wengi na tope huzama vizuri. Njia hii ilitumia ukuta mmoja ndani ya tangi, wala haikuhitaji dawa yoyote.

Wakati huohuo kiwanda nacho kilikuwa kinabadilika. Mahali pengi wanga wa kupaka nyuzi ulianza kuachia nafasi gundi za plastiki zinazoyeyuka majini, ambazo bakteria huchukua muda mrefu kuzizoea. Na mwaka 1956, miaka 100 kamili baada ya Perkin, kampuni ya ICI ilitoa rangi mpya zilizogunduliwa na Ian Rattee na William Stephen katika maabara ya Blackley, Manchester. Rangi hizi hujifunga na pamba kwa kifungo cha kemia, ndiyo maana fulana yako hufuliwa mara mia bila kufifia. Lakini sehemu ya rangi, kabla ya kuifikia pamba, hujifunga na maji, na ikishafanya hivyo haifai tena. Tena, ili rangi isogee kwenye uzi, hutiwa chumvi nyingi, makumi ya gramu kwa kila lita.

Hivyo mji uliowapa walimwengu tope amilifu ukawapa pia rangi ambayo tope hilo haliiwezi. Tatizo lilikawia kuonekana kwa sababu ya kipimo chenyewe. Tume ya kifalme ya Uingereza, mwaka 1912, ilikuwa imependekeza kwamba maji yanayorudi mtoni yasidai zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita katika siku tano, wala yasibebe zaidi ya miligramu 30 za chembe. Kipimo hicho kilienea duniani, lakini rangi hakikuitaja. Kiwanda kiliweza kufaulu kwenye karatasi huku mto ukitiririka mwekundu mbele ya macho ya wanaouchota.

Nyumba mbili

Jibu lilikuwa katika mapovu yale ya mto Irk. Bakteria wanaoishi bila hewa, wanapokosa oksijeni ya kupumulia, hutafuta kitu kingine cha kupokea elektroni zao. Mshikano wa azo unaweza kuipokea kazi hiyo. Wanapousukumia elektroni, zile atomi mbili za naitrojeni huachana na rangi inatoweka. Penye oksijeni jambo hili halitokei kwa urahisi, kwa kuwa oksijeni huzipokea elektroni kwanza. Kumbe hewa iliyoliamsha tope la Davyhulme ndiyo iliyokuwa ikiilinda rangi.

Ila kutoweka kwa rangi hakumaanishi usalama. Vipande vinavyobaki huitwa amini, na baadhi yake ni sumu. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha rangi waliopata saratani ya kibofu, na katika miaka iliyofuata amini kadhaa zilithibitika kuwa chanzo cha saratani hiyo. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, katika nguo zinazogusa ngozi, rangi za azo zinazoweza kuachia amini zaidi ya 20 zilizotajwa kwa majina. Maji yanayotoka kwenye tangi lisilo na hewa yanaweza kuwa meupe kama ya kisima na bado yakawa na hatari.

Hapo bakteria wa hewa wanahitajika tena, kwa kuwa amini nyingi huozeshwa penye oksijeni. Ndipo wahandisi wakajenga nyumba mbili zinazofuatana. Ya kwanza imefungwa, haina hewa, na humo rangi hukatwa. Ya pili inapulizwa hewa, na humo vipande huliwa. Katika miaka ya 1990 mpango huu ulichunguzwa sana, na mpaka leo ndio njia inayoaminika zaidi ya kuziozesha rangi za azo kwa viumbe hai.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na shida ileile ya chupa za Davyhulme. Bakteria wasiotumia hewa huzaana polepole mno, kwa hiyo wakimwagwa, kuwapata wengine huchukua miezi. Aliyewatafutia makazi ni Mholanzi Gatze Lettinga wa Wageningen. Katika miaka ya 1970 alijenga tangi ambamo maji huingilia chini na kupanda taratibu juu, yakipita katikati ya tope. Yeye na wenzake waliona tope likijiviringisha lenyewe kuwa punje kama za mtama, nzito kiasi cha kutochukuliwa na maji. Lettinga hakujiwekea hataza ya uvumbuzi huo. Aliuacha wazi ili nchi maskini zijenge bila kulipa, na matangi ya aina hiyo yakaenea hadi Brazil na India.

Wengine walilitunza tope kwa njia nyingine. Huko Norway, mwishoni mwa miaka ya 1980, Hallvard Ødegaard na wenzake wa Trondheim walitia ndani ya tangi maelfu ya vipande vidogo vya plastiki vyenye vyumba, bakteria wakaota humo wakazunguka na maji bila kutoka. Huko Japani, mwaka 1989, Kazuo Yamamoto na wenzake walizamisha ndani ya tope vichujio vyenye matundu madogo kuliko bakteria wenyewe: maji yanavutwa nje, tope lote linabaki. Palikuwa pia na waliogeukia uyoga unaoozesha magogo, maana kimeng'enya kinachovunja mti mgumu huvunja na rangi. Maabara zilipata matokeo mazuri, lakini katika tangi la wazi bakteria huuzidi uyoga kwa wingi na kwa kasi, na kuulinda ni kazi kubwa.

Wakulima wa Noyyal

Yote hayo yalijulikana, na bado mito iliendelea kufa. Ushahidi mmoja ni mto Noyyal, katika jimbo la Tamil Nadu, India Kusini. Kando yake uko mji wa Tiruppur, unaoshona fulana zinazovaliwa duniani kote. Mwaka 1992, chini ya mji huo, lilikamilika bwawa la Orathupalayam ili kumwagilia mashamba. Badala ya mvua ya milimani, bwawa lilijaa maji ya viwanda vya kutia rangi. Chumvi ilipanda ardhini na visimani, na wakulima waliosubiri bwawa kama neema wakaja kuomba milango yake isifunguliwe upande wao.

Wakulima hao walikwenda mahakamani, na hawakuchoka. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda visimwage mtoni hata tone la maji machafu, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ikaunga mkono. Amri zilipopuuzwa, tarehe 28 Januari 2011 Mahakama Kuu iliagiza viwanda vyote vya rangi vya Tiruppur vifungwe, zaidi ya 700. Maelfu ya wafanyakazi walikosa kazi. Yalikuwa maumivu ya kweli kwa familia maskini za mji, na wala tusiyapuuze kwa sababu tunaupenda mto.

Viwanda vilirudi kazini kwa masharti. Maji hukusanywa kwenye mitambo ya pamoja, hupita kwanza kwa bakteria, kisha hushindiliwa kwenye utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji hurudi kiwandani. Chumvi iliyobaki huchemshwa na kukaushwa, na sehemu yake hutumika tena kutia rangi. Bakteria hawawezi kula chumvi, na hakuna uboreshaji utakaowafanya waweze. Lakini bila wao utando ule huziba kwa uchafu na kuharibika mapema. Mtambo wa gharama kubwa unategemea afya ya tope.

Noyyal unanifundisha kwamba elimu ya chupa za Davyhulme ilikuwapo India tangu siku za Fowler. Kilichokosekana ni mtu wa kumlazimisha mwenye kiwanda aitumie, na waliolazimisha walikuwa watu wa chini ya mto, wanaopokea kile ambacho wa juu wamekitupa.

Magimbi na batiki

Kwetu viwanda vikubwa vya nguo vilikuja kimoja baada ya kingine katikati ya karne iliyopita. Katika miaka ya 1950 Nytil ilianzishwa Jinja, karibu na chanzo cha Nile. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam. Lakini rangi nyingine hutoka penye sufuria na karai, uani kwa akina mama wanaotengeneza batiki. Mjasiriamali wa batiki hawezi kununua mtambo wa Tiruppur, na maji yake humwagwa palipo karibu.

Mtafiti Stephen Mbuligwe wa Dar es Salaam aliyafikiria maji hayo. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya jaribio la vitalu vya kinamasi vilivyotengenezwa kwa mikono, kimoja kikiwa na magimbi, kingine na mmea wa kinamasi uitwao Typha, na kingine kikiwa kitupu. Maji ya rangi yalipitishwa humo. Vitalu vyenye mimea vilisafisha vizuri kuliko kile kitupu.

Anayeelewa historia hii haoni ajabu. Ndani ya kitalu cha kinamasi zipo zile nyumba mbili. Sehemu kubwa ya udongo uliojaa maji haina hewa, na humo rangi hukatwa. Karibu na mizizi, ambako mmea hupeleka hewa kutoka majanini, wako bakteria wa hewa wanaokula vipande. Mizizi nayo huwapa wote makazi wasichukuliwe na maji. Kitalu kinahitaji ardhi, muda, na mtu wa kukitunza, na hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika mara nyingi baada ya mradi kuzinduliwa.

Dakika 30

Tangi la bakteria haliwashwi kama taa. Kiwanda kikimwaga kostiki nyingi usiku mmoja, tope lililolelewa miezi mitatu linaweza kufa kabla ya asubuhi, na fedha haitalirudisha siku hiyo. Ndiyo maana maboresho mengi ya kweli katika kazi hii ni ya kawaida sana: bwawa la kusawazisha maji ya usiku na ya mchana kabla hayajafika kwa bakteria, kupunguza ukali wa kostiki, kutia mbolea kwa kipimo, kuacha rangi zinazotoa amini za saratani, na kusuuza nguo kwa maji machache.

Kila asubuhi, katika mitambo ya namna hii duniani kote, fundi huenda kwenye tangi na chombo cha kioo cha lita moja. Hukijaza maji ya kahawia yanayochemka kwa hewa, hukiweka mezani, hutazama saa. Dakika 30 zikipita, hurudi kuangalia. Kama tope limezama na maji ya juu yako wazi, anajua wafanyakazi wake wasioonekana wako salama, na anafungua valvu ya kuwarudisha mwanzo wa tangi wakaendelee na kazi. Hivyo ndivyo Ardern na Lockett walivyotazama chupa zao zilizofunikwa kwa karatasi, wakaamua kumimina maji na kubakiza tope.